Utandu Juu ya Dhahabu

Molekuli zenye salfa hujipanga zenyewe juu ya dhahabu, zikafanya utandu wenye unene wa molekuli moja tu. Nuzzo na Allara wa Marekani walieleza jambo hili mwaka 1983.

Nikiwa chuoni nilichanganya thioli ndefu na fupi, nusu kwa nusu, katika ethanoli. Nikatumbukiza humo kioo kilichopakwa dhahabu, nikakiacha saa 24, nikakisuuza, kisha nikaandika daftarini: "Utandu ni nusu kwa nusu."

Mwalimu akaniuliza, "Umepima?" Nikanyamaza.

Tulipopima, ndefu zilizidi sana, kwa kuwa hushikana zenyewe kwa zenyewe na kuziondoa fupi. Utandu wa namna hii hutumika katika vipimo vya maradhi. Hesabu ya kubahatisha humponza mgonjwa. Ndugu wanafunzi, pimeni kwanza, ndipo mwandike.