Masizi ya gari na mapafu yako

Utando mwembamba mweusi kwenye mdomo wa ekzosi si ajabu. Lakini ukiufuta na baada ya siku chache umerudi mzito, weka sabuni kando: mafuta hayaungui sawasawa. Chembe za masizi hufika ndani kabisa ya mapafu, na mwenye pumu huzihisi kwanza. Mwaka 2012, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliutaja moshi wa dizeli kuwa kisababishi cha saratani. Mwambie fundi akague chujio la hewa na plagi, au nozeli ikiwa gari ni la dizeli. Na usiliache likinguruma ndani ya banda lililofungwa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua.