Baridi ya Magamba na Jiko la Mkaa: Maandalizi ya Kambi katika Misitu ya Milimani

Ifikapo mwezi Juni, shule zinapofungwa na joto la pwani linapopungua, vikundi vya vijana na hata familia nzima huanza kupanga safari za kwenda milimani. Mahali pamoja panapofaa kwa safari ya namna hiyo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, katika Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Msafiri atokaye Dar es Salaam huiacha barabara kuu pale Mombo, akapanda kona za mlima kwa takriban kilomita 33 hadi Lushoto mjini, na kutoka hapo msitu hauko mbali. Mbega huonekana mitini, hewa ni safi, na ukungu hushuka jioni hadi kwenye mahema.

Swali la kwanza ambalo wengi huuliza kabla ya safari kama hiyo huhusu nyoka. Si swali baya, na viatu vya kufunika kifundo pamoja na tochi ya usiku ni jibu lake la kwanza. Lakini hatari inayostahili kutangulia katika mipango ni baridi, na pamoja na baridi, kile ambacho watu hufanya ili kuikimbia.

Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Usiku wa Julai jijini Dar es Salaam joto hushuka hadi kama nyuzijoto 18 au 19. Kwa hesabu hiyo, aliyepiga hema katika kimo cha mita 2,000 atarajie nyuzijoto 6 au 7, na pengine chini ya hapo iwapo anga ni wazi. Mtu aliyezaliwa na kukulia pwani hajawahi kulala katika baridi hiyo, na aghalabu hana nguo zake.

Unyevu huzidisha tatizo. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, ndiyo maana aliyelowa kwa manyunyu saa kumi jioni anaweza kuwa mgonjwa saa mbili usiku, ingawa barafu haimo kabisa katika habari hii. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzijoto 35, hali hiyo huitwa hipothemia. Mgonjwa huanza kwa kutetemeka sana. Kisha vidole hushindwa kufunga kifungo, ulimi huwa mzito, naye huanza kujikwaa na kujibu mambo yasiyoeleweka. Wenzake wasifurahi wakiona kutetemeka kumekoma ilhali amezidi kuzubaa. Hapo mwili umeanza kushindwa.

Mtu wa namna hiyo avuliwe nguo zilizolowa, avishwe kavu, afunikwe mpaka kichwani huku uso ukiachwa wazi, na awekewe kitu kinene chini yake, kwa kuwa ardhi hunyonya joto kuliko wengi wanavyodhani. Akiwa macho na anameza vizuri, apewe chai ya moto yenye sukari. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe kwapani na kifuani. Asisuguliwe mikono na miguu, wala asipewe pombe: pombe hutanua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto wakati anazidi kulipoteza.

Sasa jiko. Tuseme ni saa nne usiku, mvua inanyesha, chakula kimekwisha kupikwa na makaa yamebaki mekundu, hayana moshi tena. Mmoja anaona ni hasara kuyaacha nje, analiingiza jiko hemani, anafunga zipu. Anaamini kwamba hatari ya mkaa ni moshi, na moshi haupo.

Imani hiyo ndiyo inayoua. Mkaa unapoungua hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, nao huendelea kuitoa hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka, mapafu huendelea kupumua, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni ya kutosha. Aliyelala hawezi kushtuka, kwa sababu hakuna kikohozi wala hisia ya kupaliwa. Hupita kutoka usingizini hadi kupoteza fahamu. Kuacha upenyo kidogo mlangoni hakutoshi. Jiko la gesi nalo lisiwashwe ndani ya hema.

Kwa aliye macho, dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Katika nchi yetu dalili hizo hudhaniwa haraka kuwa malaria au chakula kibovu. Yapo mambo mawili ya kumzindua mtu: walio ndani ya hema moja wameugua kwa pamoja, na anayetoka nje hupata nafuu. Hema lifunguliwe mara moja, wote watolewe nje, na asiyepumua asaidiwe kupumua na kukandamizwa kifua huku usafiri ukitafutwa.

Kwa hiyo mpango mzuri wa kambi ni ule unaomfanya mtu asilihitaji jiko hemani. Kila mmoja awe na mfuko wa kulalia au mablanketi mawili mazito, na godoro jembamba la sponji au mkeka juu ya turubai. Masweta ya sufu na majaketi ya kuzuia mvua hupatikana kwenye mitumba kwa bei nafuu. Suruali ya jinzi ibaki nyumbani, kwani ikilowa haikauki. Seti moja ya nguo za kulalia, soksi na kofia ihifadhiwe katika ndoo yenye mfuniko, isiguswe hadi usiku. Kundi lifike kambini kabla ya saa tisa alasiri, kwa maana chini ya miti mikubwa giza huingia mapema, na hema linalopigwa gizani katika mvua hulowa ndani kabla halijasimama. Jiko likae mbali na mahema, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye atakayelizima kwa maji kila usiku.

Kibali cha kuingia na mwongoza wageni hupangwa na ofisi ya hifadhi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mwongoza wageni ndiye anayejua ni wapi simu hushika mtandao na gari hufika wapi. Aulizwe hayo siku ya kwanza, si usiku wa dharura.

Orodha ya washiriki ipitiwe mapema. Mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali kwa sababu ya baridi na upungufu wa maji mwilini, hivyo azungumze na daktari wake kabla ya kulipa nauli. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si kwenye begi lililo garini. Mjamzito akivuta kaboni monoksaidi, mtoto tumboni huathirika hata pale mama anapoonekana hajambo.

Hospitalini, maneno ya kwanza ya aliyemleta mgonjwa yawe haya: “Tulikuwa na jiko la mkaa ndani ya hema.” Kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi vizuri damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii, hivyo kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Mhudumu aliyeyasikia maneno hayo ataanza kutoa oksijeni kwa wingi bila kuingoja namba ishuke. Mgonjwa anayevuta hewa ya kawaida huhitaji saa 4 au 5 ili gesi iliyo katika damu ipungue kwa nusu. Kwa oksijeni ya kiwango cha juu huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Baada ya kuruhusiwa, nduguze waendelee kumwangalia kwa wiki kadhaa, kwa kuwa usahaulifu, mabadiliko ya tabia au mwendo wa kuyumba huweza kujitokeza baadaye, naye arudishwe hospitali yakionekana.