Uko Seattle na huna doo? Nenda ukaone baba na mtoto wanaofichwa na maji

Umetua Seattle kwa binamu yako, mfuko umekauka, na kila mahali unapotajiwa ni tiketi. Space Needle? Tiketi. Sasa skia rada: toka hapo uteremke kwa miguu kuelekea baharini, haichukui muda, utafika Olympic Sculpture Park. Kuingia ni bure kila siku, jua likitoka mpaka lizame.

Hii bustani iko chini ya jumba la sanaa la Seattle na ilifunguliwa 2007. Ni ekari 9 hivi. Zamani palikuwa depo ya mafuta, udongo ukaharibika vibaya, ikabidi usafishwe kwanza. Alafu barabara na reli zinakata katikati, so wajenzi wakatengeneza njia ya zigizaga inayopita juu ya zote mbili. Ukibahatika utaskia treni ikinguruma chini ya miguu yako.

The Eagle ya Alexander Calder huwezi kuikosa, lichuma jekundu la karibu mita 12. Kila msee anapiga selfi hapo. Piga na wewe, lakini usiguse, jasho la mikono huharibu rangi. Kwa Wake ya Richard Serra, pita katikati ya zile kuta za chuma zilizopinda, utadhani uko kati ya meli mbili.

Lakini usitoke kabla hujaona Father and Son ya Louise Bourgeois. Iko chini kabisa, kona ya Alaskan Way na Broad Street. Ni chemchemi. Ndani kuna baba na kijana mdogo, wote uchi (wacha kucheka), wamenyoosheana mikono. Maji yamemfunika mmoja, mwingine unamwona. Saa ikifika kengele inalia, maji yanabadilisha: aliyekuwa wazi anafichwa, aliyefichwa anatokea. Kila saa ni hivyo. Hawashikani mkono hata siku moja.

Kama mzae wako alienda majuu ukiwa nasari na mmejuana kwa simu tu, hutahitaji mtu wa kukuelezea hiyo kitu.

Kando kuna viti vya mawe meusi vyenye umbo la macho, pia kazi ya Bourgeois. Hivyo unaruhusiwa kukalia. Fika dakika kadhaa kabla ya saa kugonga, ukichelewa utangoja nyingine. Na ubebe jaketi, upepo wa bahari huko si wa Nyali.