Maji Baridi Katika Nchi ya Chumvi

Somo letu la leo limo katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, kuanzia mstari wa 31 hata wa 46. Mwenye Biblia na aifungue. Aliye jikoni asiache chungu chake, asikilize tu.

Mara nyingi sisi wachungaji huulizwa swali hili: nitajuaje kwamba Kristo yuko pamoja nami siku ya Jumatatu? Jumapili si vigumu. Kuna nyimbo, kuna sala, kuna Meza ya Bwana. Lakini Jumatatu mtu yumo kazini, jua ni kali, nyapara anapiga kelele, na moyo ni mkavu. Je, Bwana amebaki kanisani?

Sisi wa upande wa Marereni tunalo funzo mlangoni petu. Teka maji ya bahari kwa kiganja uyatazame. Ni maji tu, huoni kitu ndani yake. Hata hivyo katika kila kilo moja ya maji hayo mna gramu kama 35 za chumvi. Maji huingizwa kutoka horini, yakapitishwa bwawa hata bwawa, na jua na upepo vikayapunguza siku baada ya siku. Kwanza hutuama chokaa na jasi. Yakizidi kuwa mazito ndipo chumvi yenyewe huonekana, nyeupe, na maji machungu yanayosalia humwagwa. Hakuna aliyekuja na gunia la chumvi akalimimina bwawani. Ilikuwamo tangu maji yalipokuwa bado baharini, ila jicho halikuiona.

Basi tusiseme kwamba Bwana hayupo kwa sababu hatumwoni wala moyo haukuchangamka. Aliahidi mwishoni mwa Injili hii hii kwamba atakuwa pamoja nasi siku zote, na Jumatatu ni mojawapo. Lakini mfano huu wa chumvi tusiusukume mbali sana, maana kila mfano una mahali unapovunjika. Chumvi hungoja jua liidhihirishe. Kristo hutujia mwenyewe, tena kwa sura tusiyoitazamia.

Turudi kwenye somo. Mfalme amewatenga watu, kondoo huku na mbuzi huku. Wote wawili, waliobarikiwa na waliohukumiwa, wanauliza swali moja: ni lini tulikuona? Wenye haki nao hawakumtambua! Hawakusema, tulijua ni wewe ndiyo maana tukakupa. Walimwona mtu mwenye kiu wakampa maji, basi. Sisi wahubiri tumezoea kuwahimiza watu wamwone Kristo katika macheo ya jua na mawimbi ya bahari. Si vibaya, Yeye ndiye aliyeviumba. Ila siku ile hatutaulizwa habari za mawimbi.

Tutaulizwa habari za maji ya kunywa. Watu wa pwani huyaita maji baridi, hata kama yameshinda juani ndani ya debe, ili kuyatenga na maji ya chumvi. Bwana naye, katika Mathayo 10:42, anataja kikombe cha maji ya baridi apewacho mmoja wa wadogo. Chuoni tulifundishwa kwamba Kiyunani hapo kinasema ubaridi tu, tusikiongezee neno. Sawa. Lakini anayeishi kando ya mabwawa ya chumvi husikia zaidi ya ubaridi. Husikia maji yanayonyweka, na hayo kwetu huwa ya taabu.

Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya kazi ya chumvi katika Magarini. Wananchi walisimama wakaeleza habari za ardhi walizoondolewa, za visima vilivyoingia chumvi, na za vibarua wanaovuna bila viatu wala kinga ifaayo. Hatutaji haya ili tumshitaki mtu redioni. Tunayataja kwa sababu, tukiiamini sura ya 25, Bwana alikuwa upande wa wale waliosema wana kiu. Kanisa likiwa na masikio ya kusikia kwaya tu, litampita hapo hapo.

Sasa tazama jinsi jambo hili linavyoingia katika kazi zetu. Nyapara Mkristo anapoandika siku za kibarua asimpunguzie hata moja, Kristo anaonekana katika daftari lile. Mwenye duka na mizani yake vivyo hivyo. Mama mwenye tangi huona jirani akija na mtungi mtupu. Pengine jirani huyo ni Mwislamu, pengine ni mtu wa mila za wazee. Mfalme hakuuliza kiu ile ilikuwa ya dini gani. Na anayepewa maji, mara nyingi, ndiye wa kwanza kutambua kwamba Bwana amepita hapo. Aliyempa huenda asijue kabisa, akarudi kuosha vyombo vyake.

Kesho alfajiri wako watakaoingia mabwawani, nyayo zao zimepasuka na maji ya chumvi yanaingia katika mipasuko. Tuwaombee kwa kazi yao na afya yao. Kisha kabla hujazima redio, fikiri ni nani kati yao apitaye mlangoni pako, na kama mtungi wako leo una maji.

Juma lijalo, Bwana akipenda, tutaisoma sura ya 26.