Kwa Nini Wanakuuliza Habari za Samaki

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, uwe hemani au kwenye foleni ya maji, leo tuna neno refu: anthropolojia. Ni elimu ya kuwachunguza watu: wanaishi vipi, wanaoana na nani, wanakula nini, wanazikana vipi. Nimelileta kwa kuwa wengi wetu tunangoja mahojiano. Ukimwambia ofisa wewe ni Mbajuni wa Chula, Koyama au Darakasi, hatauliza habari za vita tu. Atauliza samaki, mashua, harusi, ukoo. Watu hutoka pale wakisema, "Amenifanyia mzaha." Si mzaha.

Chukua kasa. Wavuvi wetu wa zamani walimkamata kwa kumtumia chazo, yule samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Chazo hufungwa kamba mkiani, huachiwa majini, huenda akamganda kasa, na mvuvi huvuta taratibu. Mgeni akisikia hayo hufungua mdomo. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alikuja kwetu akaandika kitabu kizima juu ya Wabajuni na uvuvi wao, kikatoka 1955. Lakini mwulize mvuvi mwenyewe, "Mnavua vipi?" Atajibu, "Kwa wavu na mshipi," basi. Chazo hamtaji. Kwake ni kama kuulizwa anavyopumua.

Hayo ndiyo wasomi wanayaita utamaduni. Si ngoma na leso peke yake. Ni yale uliyojifunza bila kukalishwa darasani, na kwa sababu hiyo unasahau kuyasema.

Zamani wasomi wengi waliandika juu ya watu bila kukaa nao. Mmoja aliyesaidia kubadili mtindo huo ni Bronisław Malinowski, aliyekaa visiwa vya Trobriand, karibu na Papua, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuwa Mpolandi, raia wa Austria, na Waaustralia waliotawala kule walikuwa vitani na Austria. Kwa hiyo karatasi zake nazo zilikuwa na matatizo, ingawa sidhani kama alipanga foleni ya unga. Alijifunza lugha, akatazama. Akaona wavuvi wakivua ndani, kwenye maji yaliyotulia, hawafanyi uganga. Wakitoka bahari kuu penye hatari, wanaufanya. Asingeliona hilo kwa kuuliza maswali kumi na kuondoka.

Ofisa wako hana muda wa kukaa nawe. Ana maswali kumi. Na hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Kwanza, ujuzi haugawanywi sawa. Mama aliyekuwa akipika na kusuka mikeka huenda asijue jina la kila kamba ya mashua. Kijana aliyezaliwa Mombasa, baada ya wazazi kukimbia vita vya 1991, huenda hajawahi kuiona Chovai. Hilo si uongo. Liseme wazi: "Mimi sikuwa navua, kazi yangu ilikuwa hii," kisha ieleze kazi yako yote.

Pili, kila mtu hupima wengine kwa pishi ya kwao. Anayewajua Wasomali wa bara atataka nasaba ndefu ya mababu. Wabajuni tuna koo zetu, wazee huzihesabu kumi na nane, lakini wengi wetu tulikua tukijitambulisha kwa kisiwa na mji. Mweleze hivyo, usibuni.

Na zile karatasi za majibu zinazopita mkononi kwa mkononi, ziache. Watu ishirini wakijibu neno kwa neno, hata mkweli kati yao hataaminiwa. Mambo ya sheria mwulize wakili, mimi si wakili.

Jaribu usiku huu. Mtafute jirani asiyewahi kuiona bahari, umsimulie siku moja ya nyumbani tangu alfajiri. Kila atakapokukatiza, "Hicho ni nini?", hapo pana jambo ulilokuwa unalipita.

(Muziki.)