Makongoro ya Kikorea na utajiri wa Kiswahili jikoni

Lawama kwamba Kiswahili hakitoshi ni za miaka mingi. Tumeambiwa hakitoshi maabarani wala mahakamani, na sasa wapo wanaodai kwamba hakitoshi hata jikoni, hasa mpishi anapotaka kuandaa chakula cha ugenini. Dai hili la mwisho ndilo ninalokusudia kulipima leo. Mizani niliyoichagua ni chakula cha Korea kiitwacho jokbal, yaani makongoro ya nguruwe yaliyopikwa taratibu katika mchuzi wa soya.

Tuanze na jina lenyewe. Jok ni neno lenye asili ya Kichina, na maana yake ni mguu. Bal ni neno la Kikorea asilia, nalo maana yake ni mguu. Kwa hivyo, asemaye jokbal amesema “mguu mguu”. Mwanafunzi asicheke! Sisi nasi husema Jangwa la Sahara, ilhali Sahara ni neno la Kiarabu lenye maana ya majangwa. Kikorea kimekopa sehemu kubwa ya msamiati wake kutoka Kichina, kama sisi tulivyokopa kutoka Kiarabu, na kukopa huko hakukukiua.

Wengi wetu husema “miguu ya nguruwe”, na hawakosei. Lakini tunalo neno kongoro, ambalo wapenzi wa supu wanalijua vyema: ni sehemu ya chini ya mguu wa mnyama aliyechinjwa. Jina la kitoweo, basi, tunalo tayari. Je, tunayo maneno ya kukipika?

Twaa makongoro mawili, yenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, kutoka kwa muuza nyama. Yababue motoni ili manyoya yateketee, uyaparuze kwa kisu, kisha uyaroweke katika maji baridi kwa saa moja ili damu itoke. Injika sufuria, uyachemshe kwa dakika 10, uyamwage maji hayo na kuyasuuza makongoro.

Vilivyosalia vinapatikana katika supamaketi yoyote ya wastani. Rudisha makongoro sufuriani pamoja na lita mbili na nusu za maji, kikombe kimoja cha sosi ya soya, nusu kikombe cha sukari ya kahawia, vitunguu maji viwili, kichwa kizima cha kitunguu saumu, kipande cha tangawizi iliyopondwa, kijiko cha chai cha pilipili manga na kijiti cha mdalasini. Wakorea wengi huongeza kijiko cha kahawa ya unga ili kuondoa shombo na kuipa nyama rangi. Sisi wakulima wa kahawa tutakosaje hiyo?

Mchuzi ukishachemka, punguza moto, uengue povu, ufunike na kuuacha utokote polepole kwa saa mbili au mbili na nusu, huku ukiyageuza makongoro mara kwa mara. Hapa ndipo haraka haraka inapokosa baraka. Ngozi na kano za mguu hulainika kwa moto mdogo wa muda mrefu tu. Moto mkali huchana ngozi na kuiacha nyama ya ndani ingali ngumu. Epua, uyaache yapoe, kisha utoe mifupa na kuikata nyama vipande vyembamba. Ukiikata ingali moto itakuvurugikia, kwa kuwa ule utomvu wa ngozi huganda inapopoa na kuishikanisha.

Kwa wenzetu ambao nguruwe ni haramu kwao, makongoro ya ng'ombe yatafaa, ila yatahitaji saa nne au zaidi. Wakorea wenyewe huyaita ujok na kuyapikia supu.

Mjini Seoul, mtaa wa Jangchung-dong unasifika kwa mikahawa ya jokbal, na chimbuko la sifa hiyo huhusishwa na watu waliotoka kaskazini wakati wa vita vya 1950 hadi 1953. Nyama hufungwa katika jani la saladi pamoja na kipande cha kitunguu saumu, na huchovywa katika kitoweleo cha kamba wadogo mno waliovundikwa kwa chumvi. Mtu wa Lamu au Mombasa hahitaji kufasiriwa kamba hao, kwani anao uduvi.

Sasa rudi, ndugu msomaji, uyahesabu maneno. Kubabua, kuparuza, kuroweka, kuinjika, kuchemsha, kusuuza, kuengua, kutokota, kuepua, kuchovya: hakuna hata moja tuliloliunda kwa ajili ya Wakorea. Hata mdalasini umebeba safari ndefu ndani yake, maana asili yake ni maneno ya Kiajemi yenye maana ya “mti wa China”. Lugha iliyopokea mdalasini haiwezi kushindwa na soya.

Hata hivyo, katika insha za maelekezo ninazozisahihisha, mwanafunzi huniandikia “weka kwa moto” na “toa kwa moto”, kisha hukimbilia Kiingereza kwa yaliyobaki. Lugha haikumnyima maneno. Aliyemnyima ni yule ambaye hakuwahi kumtamkia kuinjika na kuepua. Maneno haya wanayo mama na nyanya zetu, na wao hawatakaa nasi milele.

Basi nawasihi walimu wenzangu: mpeni kila mwanafunzi chakula kimoja cha mbali, akiandikie maelekezo kwa Kiswahili kitupu, na akikwama asikimbilie kamusi kwanza, bali aende jikoni akaulize. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda kitoweo cha Korea ndicho kitakachotuponya ugonjwa wa kuidharau lugha yetu.