Usalama wa Anga Huanza Kabla ya Ajali: Funzo kutoka Kiwanja cha Ndege cha Bunia

Katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako barabara ya kitaifa namba 27 iendayo Mahagi na ile namba 4 ipitayo Komanda zimeshambuliwa mara kwa mara na makundi yenye silaha, ndege si chombo cha anasa, bali ni njia inayotegemewa na wagonjwa, wafanyabiashara, watumishi wa serikali na mashirika ya misaada ili kufika Kinshasa, Kisangani au Entebbe. Ndiyo maana namna usalama wa safari hizo unavyosimamiwa inamhusu mkazi wa Bunia kama inavyomhusu rubani.

Kwa miongo mingi baada ya Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio msingi wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), sehemu kubwa ya kanuni za usalama ilizaliwa na misiba: ndege ilianguka, wachunguzi wakatafuta chanzo, kisha kanuni ikarekebishwa. Kiambatisho cha 19 cha mkataba huo, kilichoanza kutumika tarehe 14 Novemba 2013, kinadai zaidi ya hayo, kwani kinawataka watoa huduma za anga wawe na mfumo wa usimamizi wa usalama wenye nguzo nne: sera na malengo yanayobeba dhamana ya viongozi wenyewe, udhibiti wa hatari, uhakiki wa kwamba hatua zilizochukuliwa zinafanya kazi, na mafunzo yanayoeneza uelewa kwa wafanyakazi wote.

Nguzo ya pili huonekana vizuri zaidi katika mazingira ya Bunia yenyewe. Kiwanja chake kiko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia haifikii mita 2,000. Katika kimo hicho, vipimo vya kawaida vya angahewa hukadiria joto la nyuzi 7 hivi, lakini mchana joto linapopanda hadi nyuzi 27 hewa huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hupaa kana kwamba iko karibu mita 2,000 juu ya bahari: injini hupungukiwa nguvu, mabawa hubeba kidogo, na mwendo wa kuondokea unahitaji njia ndefu zaidi. Hicho ndicho kinachoitwa chanzo cha hatari. Mwongozo wa ICAO hupendekeza kipimwe kwa madaraja matano ya uwezekano na matano ya uzito wa madhara, kisha hatari ipunguzwe hadi kiwango kinachokubalika, kwa mfano kwa kupunguza mzigo au kupanga safari nzito zifanyike asubuhi kukiwa na ubaridi.

Gharama ya kuacha vyanzo vya hatari virundikane inajulikana vyema mashariki mwa Kongo. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilishindwa kupaa kutoka Goma, ikapita mwisho wa njia na kuingia katika mtaa wa Birere, ambako watu wengi waliokufa hawakuwa hata abiria. Njia hiyo ilikuwa imefupishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo iliyolipuka Januari 2002, na upande wa pili wa njia palikuwa na makazi yenye msongamano. Ufupi wa njia na ukaribu wa nyumba vilionekana na kila mtu kwa zaidi ya miaka sita kabla ya msiba.

Uongozaji wa ndege una vyanzo vyake vya hatari, navyo ni vigumu zaidi kuvitambua kwa sababu hupita katika maneno. Ndege inayotoka Bunia kwenda Entebbe hufika Ziwa Albert baada ya dakika chache, na huko hutoka katika anga ya Kinshasa na kuingia katika anga ya Entebbe, huku saa za Bunia zikiwa nyuma ya zile za Uganda kwa saa moja na Kifaransa kikiachia nafasi Kiingereza. Kwa hiyo marubani na waongozaji hutumia saa ya pamoja ya dunia nzima, na rubani hulazimika kukariri kila agizo la kimo huku mwongozaji akisikiliza kama kilichokaririwa ndicho alichosema. Akisikia futi 10,000 mahali alipotamka 11,000, hurekebisha papo hapo. Ukali huu una historia: tarehe 27 Machi 1977 kule Tenerife, mawasiliano yenye utata yalichangia ndege mbili kugongana kwenye njia ya kurukia na kuua watu 583. Aidha, katika sehemu za anga ya Afrika ambako mawasiliano ya ardhini ni hafifu, ikiwemo anga ya Kinshasa, marubani hutangaziana wenyewe mahali walipo na kimo chao kwenye masafa ya megahezi 126.9.

Hata hivyo, hakuna chombo kinachoona kila kosa, na kwa hiyo mfumo mzima husimama juu ya ripoti za watu: mwongozaji aliyechanganya vimo viwili akagundua mapema, fundi aliyekuta bolti imelegea, mlinzi aliyeona mbuzi wakivuka njia ya kurukia. Mtu akijua kwamba ripoti itamfukuzisha kazi, atanyamaza, na hatari ileile itamngoja mwenzake kesho. Ndiyo sababu Kiambatisho cha 13 kinatamka kuwa lengo pekee la uchunguzi wa ajali ni kuzuia nyingine, wala si kugawa lawama, na Kiambatisho cha 19 kinataka taarifa za usalama na watoaji wake walindwe. Ulinzi huu haumkingi mlevi wala anayevunja kanuni kwa makusudi. Unamkinga mtu mwaminifu aliyekosea, au aliyeshuhudia kosa, akasema.

Wajibu wa mwisho ni wa dola. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umeyazuia katika anga yake mashirika ya ndege yenye vyeti vya mamlaka za Kongo, kwa hoja kwamba usimamizi wa serikali juu yao haukidhi viwango vya kimataifa. Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ilipata jirani wa kusaidiana naye, kwa kuwa wakala wa jumuiya hiyo unaoshughulikia usalama wa anga, CASSOA, uko Entebbe, nchini Uganda. Mamlaka ya usafiri wa anga na RVA, shirika la serikali linaloendesha viwanja na kuongoza ndege, zinaweza kuanza na jambo lisilodai mtambo wa gharama kubwa: kupokea kila ripoti kutoka viwanja kama Bunia, kuijibu kwa maandishi, na kumweleza aliyeileta ni hatua gani imechukuliwa. Mfanyakazi akiona ripoti yake imebadilisha kitu ataleta ya pili, na kwa ripoti za namna hiyo ajali huzuiwa kabla haijapata tarehe wala orodha ya marehemu.